USHURU WA TUMBAKU NA MAKISIO YA HALMASHAURI
Maelezo kwa wakulima wadogo wa Tanzania

Kila mwaka, mitumba ikisha kupimwa na soko kufungwa, mkulima wa tumbaku hupokea karatasi yake ya mauzo. Katika karatasi hiyo zimeandikwa kilo, madaraja, bei na makato. Wakulima wengi hutazama mstari wa mwisho tu, yaani fedha zitakazotiwa mkononi au benki, kisha huikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mstari ule wa mwisho ukiwa mdogo kuliko walivyotumaini, husema, "Serikali imekula." Labda ni kweli, labda si kweli. Asiyejua kuisoma karatasi yake hawezi kujua ni nani aliyekula, wala hawezi kudai kilicho haki yake.

Maelezo haya yaonyesha mambo matatu: fedha zipi hutolewa katika tumbaku na kwa sheria ipi, fedha zile huenda wapi, na mkulima aweza kufanya nini ili sehemu yake irudi kijijini kwake katika barabara, zahanati na shule.

1. FEDHA ZA NAMNA TATU, ZISICHANGANYWE

Ya kwanza ni ushuru wa mazao. Huu ni mali ya halmashauri ya wilaya mahali tumbaku ilipolimwa.

Ya pili ni makato ya ushirika pamoja na marejesho ya mkopo wa pembejeo. Haya si kodi. Ni fedha ambazo wanachama wenyewe, katika mkutano mkuu wa chama chao cha msingi, wamekubali zikatwe, na deni ambalo mkulima alilichukua kwa mbolea, dawa na mahitaji mengine ya msimu.

Ya tatu ni ushuru wa bidhaa. Huu hautozwi juu ya jani la mkulima, bali juu ya sigara iliyokwisha kutengenezwa kiwandani. Hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuingia katika mfuko wa Serikali Kuu. Ushuru huu nao wamgusa mkulima kwa mbali: sheria imeweka kiwango nafuu kwa sigara zilizotengenezwa kwa tumbaku ya nchini kwa zaidi ya sehemu 75 katika 100, ili viwanda vipende kununua jani la hapa kuliko la kuagizwa.

Mkulima asikiapo habari kwamba Bunge limepandisha kodi ya sigara, asidhani kwamba ushuru wa jani lake umepanda. Na aonapo makato makubwa katika karatasi yake, asiende kugombana na halmashauri kabla hajatazama kama makato hayo ni ya chama au ya mkopo. Mlango ukikosewa, jibu halipatikani.

2. USHURU WA MAZAO NA KIWANGO CHAKE

Ushuru huu msingi wake ni Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ambayo katika vitabu vya sheria huitwa Sura ya 290. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimevunjwa mwaka 1972. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, na kwa kuwa halmashauri haiwezi kuishi bila fedha, zikaainishwa njia zake za mapato. Ushuru wa mazao ni mojawapo. Katika wilaya zilimazo tumbaku kwa wingi, kama vile Urambo, Kaliua, Sikonge na Chunya, ushuru huu ni nguzo kubwa ya mapato ya ndani ya halmashauri.

Kwa muda mrefu halmashauri ziliruhusiwa kutoza hata shilingi 5 katika kila shilingi 100. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza kiwango: mazao ya biashara, tumbaku ikiwamo, yakawa shilingi 3 katika 100, na mazao ya chakula shilingi 2 katika 100. Mwaka ule ule ikaamriwa kwamba mazao yasiyozidi tani 1 yanayosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yasitozwe ushuru huu. Hivyo mkulima achukuaye magunia machache ya mahindi kwenda kwa jamaa zake wilaya ya pili hapaswi kusumbuliwa kizuizini.

Tufanye hesabu kwa mfano. Bei hii ni ya mfano tu, si bei ya msimu wowote. Tuseme mkulima ameuza kilo 800, na wastani wa bei ni shilingi 5,000 kwa kilo. Mauzo yake ni shilingi 4,000,000. Ushuru wa 3 katika 100 ni shilingi 120,000. Kwa kiwango cha zamani cha 5 katika 100 ungalikuwa shilingi 200,000. Tofauti ni shilingi 80,000.

Jambo la kukazia hapa ni hili: mlipaji wa ushuru huu, kwa mujibu wa sheria, ni mnunuzi. Kampuni inunuayo tumbaku ndiyo iandikiayo halmashauri fedha hizo, kwa hesabu ya bei iliyolipwa kwa mkulima. Ushuru usionekane katika karatasi yako kama makato yanayopunguza fedha zako. Ukionekana hivyo, uliza mara moja, katika chama chako kwanza, kisha katika ofisi ya halmashauri.

Hata hivyo tusijidanganye. Mnunuzi ajuaye kwamba atalipa ushuru hukumbuka jambo hilo anapokaa kupatana bei. Kwa njia hiyo sehemu ya mzigo huweza kumshukia mkulima bila kuandikwa mahali popote. Ndiyo sababu mkulima ana haki ya kuuliza habari za ushuru huu, ijapokuwa si yeye aupelekaye. Ni jasho lake lililouzaa.

3. SHERIA YA TUMBAKU NA SABABU ZAKE

Tumbaku si kama mihogo, ambayo mtu hulima na kuuza apendavyo. Yaongozwa na Sheria ya Tasnia ya Tumbaku ya mwaka 2001, na msimamizi ni Bodi ya Tumbaku Tanzania. Mkulima hana budi kusajiliwa. Mnunuzi hana budi kuwa na leseni. Kilimo huendeshwa kwa mkataba uliowekwa kabla ya msimu, na tumbaku huuzwa katika soko lililokubaliwa, mbele ya mteuzi aliyeidhinishwa kusema hili ni daraja gani.

Kwa nini amri zote hizi? Kwa sababu thamani ya jani la tumbaku haionekani kwa mtu asiyefundishwa. Mitumba miwili yenye uzito mmoja yaweza kupishana bei sana kwa sababu ya rangi, mahali jani lilipochumwa katika mmea, na namna lilivyokaushwa. Mkulima akisimama peke yake mbele ya mchuuzi nyuma ya nyumba, mchuuzi ndiye mwenye kujua madaraja, na mkulima ni mwenye haja ya fedha. Katika hali hiyo mwenye haja hushindwa daima.

Tena bei za tumbaku hupatanwa kwa dola za Marekani, kisha mkulima hulipwa kwa shilingi. Basi mkulima hodari huandika mambo manne katika daftari lake: kilo, daraja, bei ya dola, na kima cha kubadilishia dola siku ya malipo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Sheria nyingine nazo zafaa kukumbukwa. Tangu mwaka 2003 ni mwiko kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumfanyisha mtoto kazi yenye kumdhuru. Mkulima ajue kwamba jani bichi la tumbaku, hasa likiwa na umande, hupenyeza sumu yake katika ngozi, likaleta kizunguzungu na kutapika. Mtu mzima avae nguo za mikono mirefu akichuma asubuhi. Mtoto asichume kabisa.

4. UTOROSHAJI: MADHARA YAKE KWA HESABU

Kuna wakulima ambao, wakiona deni la pembejeo ni zito, hutorosha mitumba usiku na kuiuza kwa jina la mtu mwingine, katika chama kingine au wilaya nyingine. Husema, "Nimeikomboa tumbaku yangu." Tutazame kama kweli wamekomboa kitu.

Mkopo wa pembejeo mara nyingi huchukuliwa kwa dhamana ya pamoja. Chama hukopa, na wanachama hudhaminiana. Tuseme kundi ni watu 10, na kila mmoja anadaiwa shilingi 1,500,000. Deni lote ni shilingi 15,000,000. Wawili wakatorosha tumbaku yao yote wasilipe kitu. Shilingi 3,000,000 zimebaki juu ya wenzao 8, na kila mmoja atakatwa shilingi 375,000 zaidi ya deni lake mwenyewe. Linganisha na ushuru wa halmashauri katika mfano wa kwanza, yaani shilingi 120,000, ambao alipaye ni mnunuzi. Basi mkulima mwaminifu ameumizwa na jirani yake zaidi ya mara tatu kuliko ushuru aulalamikiao.

Wala hasara haiishi hapo. Tumbaku iliyotoroshwa kwenda wilaya nyingine hulipiwa ushuru kule iliko soko, si hapa ilipolimwa. Deni limebaki nyumbani, na fedha za barabara zimekwenda ugenini.

Lakini hatusemi kwamba watoroshaji wote ni wabaya kwa tabia. Wengine wamechoshwa na madeni wasiyoyaelewa, au malipo yaliyochelewa. Dawa yake imo katika sheria. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, mkutano mkuu wa chama ndio upitishao ukomo wa madeni, yaani kiasi ambacho chama hakiruhusiwi kukivuka kukopa, na idhini ya Mrajisi hutakiwa. Hesabu za chama hukaguliwa, na taarifa ya ukaguzi ni ya kusomwa mbele ya wanachama. Mwanachama akiuliza katika mkutano, "Ukomo wa madeni mwaka huu ni kiasi gani, na kila mmoja wetu amekopeshwa kiasi gani?", hakutukana mtu, ametenda wajibu wake. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

5. FEDHA ZIKIFIKA HALMASHAURI

Halmashauri haiwezi kutumia fedha kwa kupenda kwake. Kila mwaka hutengeneza makisio ya mapato na matumizi, ambayo hujadiliwa na kupitishwa na Baraza la Madiwani, kisha hupelekwa mkoani na Serikali Kuu, na mwisho kufika Bungeni. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwisho wake hesabu hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake hutolewa kwa watu wote.

Makisio yaliyo sawa huanzia kijijini. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, hukusanya haja za vitongoji. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake, huzipitisha. Kamati ya Maendeleo ya Kata huziunganisha. Ndipo zifikapo wilayani.

Sasa tazama jambo moja ambalo wakulima wengi hawajalitia moyoni. Miezi ya makisio ni miezi ya kazi nyingi shambani. Mipango ya vijiji na kata huandikwa kati ya miezi ya mwisho wa mwaka na ile ya mwanzo wa mwaka unaofuata. Hiyo ndiyo miezi ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, kupalilia, kuchuma, na kukesha kwenye mabani. Bunge hukaa kujadili makisio ya nchi kuanzia Aprili hata Juni, wakati masoko ya tumbaku yanapoanza kufunguliwa. Mkulima apatapo nafasi ya kupumzika na kuuliza, "Daraja letu lipo katika makisio?", daftari limekwisha kufungwa, na jibu ni, "Ngoja mwakani." Mwakani naye yumo baniani.

Basi wakulima wa kijiji kimoja na wapatane: katika miezi ile, kila kitongoji kichague watu wachache waache majembe siku moja wahudhurie mkutano wa mipango, na wenzao wawasaidie kazi. Siku moja ya kazi ni hasara ndogo; barabara isiyopitika mwaka mzima ni hasara kubwa.

6. SEHEMU YA KIJIJI

Turudi katika hesabu. Tuseme kijiji kina wakulima 150 wa namna ya yule wa kwanza. Wameuza kilo 120,000, thamani yake shilingi 600,000,000. Ushuru ulioingia halmashauri kutoka kijiji hicho ni shilingi 18,000,000. Mkulima mmoja aona shilingi 120,000 kuwa kidogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba.

Maelekezo ya Serikali kwa miaka mingi yametaka sehemu ya mapato, iliyotajwa kuwa 20 katika 100, irudi vijijini. Kwa mfano wetu ni shilingi 3,600,000. Lakini taarifa za ukaguzi zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba halmashauri nyingine hazikurejesha fedha hizo, au zilirejesha pungufu. Kijiji kisichojua kilizalisha ushuru kiasi gani hakiwezi kudai sehemu yake. Kijiji chenye daftari la chama cha msingi, lenye kilo na thamani, chaweza kwenda kwa Diwani na hesabu mkononi, na hesabu haina matusi wala ubishi.

Tena, tangu mwaka 2018 sheria yataka kila halmashauri itenge 10 katika 100 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: sehemu 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Fedha hizi zatokana na ushuru wenu. Vikundi vya vijijini visiwaachie wa mjini peke yao.

Jambo la mwisho katika sehemu hii. Halmashauri itegemeayo tumbaku peke yake ni kama nyumba yenye nguzo moja. Makampuni yakipunguza mikataba, au mvua ikiharibu mashamba, mapato huanguka na kazi zilizoanzwa hukwama. Kwa hiyo wajumbe waulize makisio yametungwa kwa kilo zipi: je, ni kilo zilizomo katika mikataba iliyotiwa sahihi, au ni kilo za matumaini? Zahanati nyingi zilizosimama bila bati zilijengwa kwa kilo za matumaini.

7. FUNZO KUTOKA UPARE

Kuuliza habari za kodi si jambo jipya katika nchi hii. Zamani za utawala wa Waingereza, wenye mamlaka wa Upare walianzisha kodi iliyoitwa mbiru, iliyotozwa kwa kukisia mali ya kila mtu. Mwaka 1945 watu kwa maelfu walikusanyika Same kuipinga, na baada ya mashindano ya muda mrefu kodi ile ikaondolewa. Watu wale hawakuwa wakaidi wa kodi zote. Manung'uniko yao makubwa yalikuwa juu ya makisio yaliyofanywa kwa namna wasiyoiona wala kuielewa.

Kodi ya maendeleo, iliyotozwa kila mtu mzima kichwa kwa kichwa, nayo ilifutwa mwaka 2003 pamoja na tozo nyingine za kero. Tangu hapo halmashauri za vijijini zategemea zaidi ushuru wa mazao. Ikiwa watu wa Upare walikusanyika kwa maelfu kwa ajili ya hesabu ya kodi yao, sisi ambao tuna haki kwa sheria kuisoma hesabu ukutani kwa ofisi ya kijiji hatuna udhuru wa kutoisoma.

8. MAMBO YA KUSHIKA

(1) Jisajili, na usitie sahihi mkataba usiousoma au kusomewa.
(2) Andika katika daftari kilo, daraja, bei na kima cha dola kila siku ya soko.
(3) Ushuru wa mazao hulipwa na mnunuzi. Ukikatwa wewe, uliza.
(4) Kila fedha utoayo kwa halmashauri, pokea stakabadhi iliyotoka katika mashine. Asiyetoa stakabadhi asipewe fedha.
(5) Usitoroshe tumbaku. Deni lako humwangukia jirani, na ushuru hukimbia kijiji.
(6) Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao yapasa uitwe kila miezi mitatu. Usipoitwa, mwulize Mwenyekiti na Afisa Mtendaji sababu.
(7) Dai mapato na matumizi ya kijiji yabandikwe mahali pa wazi.
(8) Kila mwaka, mwezi wa Julai, uliza kama Bunge limebadili kiwango chochote, kwa maana sheria za fedha hutazamwa upya kila mwaka.

Mkulima apaliliaye shamba lake kisha akaacha mavuno mlangoni bila mlinzi amefanya nusu ya kazi. Ushuru ni sehemu ya mavuno yenu iliyotangulia kwenda wilayani. Ifuateni kwa daftari na kwa adabu, mpaka mwione imerudi.

Atakaye maelezo zaidi na amwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yake, akichukua karatasi zake za mauzo za msimu uliopita.